Matofali ya kufungamana: pima udongo kabla ya kufyatua

Yapo malalamiko ya kuta za matofali ya kufungamana, yaani ya udongo na saruji yanayoshikana yenyewe bila mota, kupasuka na kumomonyoka kwa mvua, na wengi wanahitimisha kwamba tofali la udongo na saruji halifai. Mara nyingi kosa hutangulia mashine: udongo haukupimwa.

Kipimo hakihitaji maabara. Chonga kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukipake mafuta. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini yake, ulowanishe, ushindilie hadi kwenye pembe. Uache siku 3 juani au 7 kivulini, kisha usukume wote upande mmoja upime pengo lililoachwa na udongo uliosinyaa. Likiwa chini ya milimita 15, changanya ndoo 18 za udongo kwa 1 ya saruji. 15 hadi 30, ndoo 16. 30 hadi 45, ndoo 14. 45 hadi 60, ndoo 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime upya. Udongo mweusi wa mbuga usihangaike nao.

Kwa hiyo hakuna "uwiano wa fundi" mmoja unaofaa kila udongo. Anayekuahidi matofali 150 kwa mfuko wa kilo 50 anakuuzia udongo ulionusishwa saruji.

Maji nayo yana kipimo chake. Finyanga donge, liachie kutoka mita 1 lianguke pagumu. Likivunjika vipande 4 hadi 6, fyatua. Likisambaratika, maji ni machache. Likibaki bonge, yamezidi. Mchanganyiko uishe ndani ya dakika 45, na uliochacha usiufufue kwa maji.

Funika matofali kwa nailoni, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, yajengee baada ya siku 28. Tofali la siku 3 hubebeka bila kuvunjika, ndiyo maana wengi hudhani limekomaa.

Kwa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, mita moja ya mraba hula kama 33. Kujenga bila mota hakumaanishi bila msingi. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini wa matofali, ikae juu ya mota na ipimwe kwa pima maji, kwani ikipinda hakuna mota ya kuinyoosha huko juu. Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha uko palepale.

Na tofali hili halikuondolei kibali cha ujenzi. Halmashauri itahitaji fomu ya maombi, ramani za jengo na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Aina ya tofali iandikwe kwenye ramani. Ukiibadili baada ya kupewa kibali, rudisha michoro ipitiwe upya kabla ya kuendelea. Anayejenga bila kibali anaweza kusimamishwa kwa notisi, na hata kuamriwa abomoe kwa gharama zake. Kuipaka chokaa alama ya X ya kubomolewa iliyochorwa ukutani hakusaidii: notisi imo kwenye jalada.