Hela ya kukarabati nyumba: jua kazi kwanza, mkopo baadaye

Kuna swali naulizwa mno kwenye hii kazi yangu ya kushauri watu kuhusu mikopo ya nyumba, nalo ni benki gani ina riba ndogo nataka kukarabati. Mimi huwa nauliza swali langu kwanza, unakarabati nini? Wengi wananijibu nyumba nzima tu imechoka, na hapo najua bado hatujafika kwenye mkopo, maana mkopo wa kubadilisha paa siyo mkopo wa kupaka rangi, na ukichukua mmoja kwa kazi ya mwingine utaumia hata kama riba yenyewe ni nzuri.

Mimi naangalia hivi, hicho kitu unachotengeneza kitadumu miaka mingapi? Paa jipya, mfumo wa maji, waya za umeme, chumba cha kuongeza, hivi vinakaa miaka na miaka, kwa hiyo kuvilipia miaka 5 au hata 10 inaeleweka. Rangi, mapazia, makabati yanayofuata fasheni, hivyo usivichukulie mkopo mrefu hata kidogo, utakuja kupaka rangi ya pili wakati ile ya kwanza bado unailipia. Hivyo ni vya akiba, au mchezo wa kupeana hela kwenye kikundi, zamu yako ikifika unanunua unamaliza.

Sasa tuongee riba, na hapa naomba usome polepole maana ndo watu wengi wanapopigwa bila kujua. Riba ya asilimia 12 siyo lazima iwe sawa na riba nyingine ya asilimia 12. Kuna inayopigwa kwenye deni lililobaki, yaani kila ukilipa deni linashuka na riba nayo inashuka, halafu kuna ya flati, inapigwa kwenye kiasi chote ulichokopa mwanzo mpaka mwisho, hata ukiwa umebakiza rejesho moja bado unahesabiwa kama vile hujalipa kitu. Tuseme umekopa 12,000,000 kwa mwaka mmoja kwa asilimia 12. Ya flati utalipa riba 1,440,000. Ile inayoshuka utalipa kama 794,000 hivi. Ukiigeuza hiyo ya flati uipime kwa kipimo cha ile nyingine unakuta kwa kweli ni karibu asilimia 21.5 kwa mwaka! Kwa hiyo anayekutangazia 12 ya flati ni ghali kuliko anayekutangazia 18 inayoshuka, na wewe ulikuwa unamkimbia wa 18.

Na ukisikia riba ya asilimia 3 usishangilie kabla hujauliza ni kwa mwezi au kwa mwaka. Ya mwezi ina maana 36 kwa mwaka, na mikopo ya kwenye simu mara nyingi inahesabiwa kwa mwezi au hata kwa wiki, ndo maana mimi siishauri kwa ujenzi kabisa, kazi ya ujenzi inachelewa na deni la siku 30 halingoji fundi amalize.

Muda nao ni gharama. 10,000,000 kwa asilimia 18 inayoshuka, ukilipa miaka 3 rejesho ni kama 361,500 kwa mwezi na riba yote inafika kama milioni 3. Ukivuta hadi miaka 5 rejesho linashuka mpaka kama 254,000, unaona afadhali, lakini riba inapanda mpaka milioni 5.2. Sisemi usichukue miaka 5, kuna mtu kipato chake hakiruhusu rejesho kubwa na ni bora alipe bila kukwama, ila achague akijua.

Kama tayari una mkopo wa nyumba na umeshalipa sehemu nzuri, unaweza kuomba waongeze juu yake, riba yake kwa kawaida iko chini sababu nyumba ndo dhamana. Ubaya wake ni kwamba kuna mthamini wa kulipwa, wakili, usajili wa rehani, kwa kazi ndogo hizo ada zinakula faida yote ya riba, na ukishindwa kulipa ni nyumba inayoondoka. Kwa kazi kubwa napenda zaidi mkopo unaotolewa kwa awamu, mkaguzi anapita anaona msingi umefika wapi ndo hela inayofuata inatoka, na riba unalipa kwa kile kilichotoka tu. Inachosha, ndiyo, ila inakulinda wewe pia dhidi ya kontrakta anayekula hela ya paa kabla ukuta haujasimama.

Saccos bado naziamini sana kwa kazi za katikati, ila uwe umeweka akiba muda na uwe na wadhamini, na mdhamini wako mwambie ukweli wote kwa sababu ukikwama akiba yake ndo inayoshikwa. Kwa wasiotaka riba kuna murabaha, benki inanunua bati, vigae, saruji, inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana toka siku ya kwanza na haiongezeki. Inakaa vizuri kwenye vifaa, malipo ya fundi mara nyingi utayapangia njia nyingine. Duka la vifaa likikukopesha ni sawa pia, ila linganisha kwanza bei ya kulipa taslimu na ya kukopa, hiyo tofauti ndo riba hata kama hawaiiti hivyo.

Kabla ya yote hayo pata makadirio ya maandishi, ya mafundi wawili au watatu, vifaa peke yake na ufundi peke yake. Halafu ongeza asilimia 10 mpaka 20 ya dharura, na nyumba ikiwa kuukuu weka 20 bila kubishana, ukifungua ukuta wa zamani hujui mabomba yana hali gani. Watu wanaoishia kukopa mara ya pili kwa riba mbaya ni hao ambao hawakuweka hii. Na fundi usimlipe yote, bakiza asilimia 5 au 10 mpaka mvua ipige na uone hamna panapovuja.

Kwa mkopeshaji omba jedwali la marejesho kwenye karatasi, uliza hela itakayoingia mkononi ni ngapi baada ya kukata ada na bima, uliza ukilipa mapema kuna faini. Asiyetaka kukupa jedwali mwache.

Na wenye nyumba ya urithi ambayo hati bado ina jina la marehemu, benki haitaipokea kama dhamana, malizeni mirathi kwanza. Hata ikiwa na jina lako, sehemu nyingi mwenzi wako naye lazima asaini, kwa hiyo mzungumze nyumbani kabla hujaenda kujaza fomu. Wakati mirathi inaendelea kama paa linavuja rekebisheni paa tu kwa akiba au saccos, na kila ndugu anayechangia aandikiwe ametoa kiasi gani.