Kwa nini mcheza gofu hukosa handikapu yake siku nyingi?

Mwulize mcheza gofu wa ridhaa handikapu yake, yaani mikwaju ya nyongeza anayoruhusiwa ili ashindane sawa na walio bora kuliko yeye (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi), atakujibu papo hapo: "Kumi na sita." Jumamosi anaingia kwenye uwanja wa mikwaju 72, ndiyo anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari, anatoka na 92. Wiki inayofuata anapata 91, kisha 94. Anapiga hesabu kwamba 72 na 16 ni 88, na hiyo 88 haioni. Nimewaona wengi wakinunua fimbo mpya kwa sababu hiyo, na inaniuma, maana mchezo wao haujaharibika. Wameielewa vibaya ile namba.

Handikapu si wastani wako. Mwaka 2020 ulianza mfumo mmoja wa dunia, chini ya R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu, ukachukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Mfumo huo huangalia raundi zako 20 za mwisho, huchagua 8 zilizo bora, na hutafuta wastani wa hizo nane tu. Nyingine 12 huwekwa kando. Namba unayopewa basi inaonyesha unavyocheza siku mkono umekubali, na siku hizo si nyingi: takriban raundi moja kati ya tano ndiyo utakayofikia handikapu yako au kuipita.

Kabla ya kuchaguliwa, kila raundi hupimwa kwa ugumu wa uwanja. Tuseme umepiga mikwaju 90 kwenye uwanja ambao mchezaji wa handikapu sifuri anatarajiwa kupiga 71.4. Umemzidi kwa 18.6. Uwanja huo pia una namba ya pili, tuseme 128, inayoonyesha unavyomwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko bingwa. Uwanja wa kawaida ni 113. Zidisha 18.6 kwa 113, gawanya kwa 128, unapata 16.4. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye rekodi, si 90.

Na shimo moja likikuharibikia? Mchezaji anayepewa mkwaju mmoja wa nyongeza kila shimo, akitumbukiza mipira majini hadi afikishe 11 kwenye shimo la mikwaju minne, kwa hesabu ya handikapu ataandikiwa 7: minne ya shimo, miwili ya ruhusa, na mmoja wake wa nyongeza.

Sasa njoo kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Wachukue Musa na Salma, wote wastani wao ni mikwaju 20 juu ya uwanja. Musa hatikisiki: raundi zake zote ziko kati ya 18 na 22. Salma anapanda na kushuka, leo 12, kesho 28. Nane bora za Musa zinampa handikapu ya 19 hivi. Za Salma zinampa 15. Uwezo wao wa wastani ni uleule, lakini Salma anapewa mikwaju minne pungufu, kwa sababu siku zake mbaya zimefutwa na nzuri zimebaki kumshuhudia.

Wakicheza wawili tu kila Jumamosi, Musa atashinda mara nyingi zaidi. Siku ya kawaida yeye hukosa handikapu yake kwa mkwaju mmoja, Salma kwa mitano. Lakini kwenye shindano la klabu lenye wachezaji mia moja, wapo wengi wa aina ya Salma, na mmoja wao lazima ameamka vizuri. Salma akipiga ile 12 yake, yuko mikwaju mitatu chini ya handikapu. Musa akicheza raundi yake bora kabisa, ile 18, yuko chini kwa mmoja tu.