Ushuru Usiotajwa Bungeni: Ploti, Waheshimiwa na Hati ya Mshahara

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea karatasi mbili ofisini, akaziweka sambamba mezani. Ya kwanza ilikuwa hati yake ya mshahara. Ya pili, mkataba wa kuuza ploti aliyonunua Juja mwaka 2008 kwa shilingi 300,000, na sasa amepata mnunuzi wa milioni 5. Akaniuliza, "Mhasibu, mbona nakatwa zaidi nikifundisha kuliko nikiuza shamba?"

Tulipiga hesabu pamoja. Kwa viwango vya tangu Julai 2023, mshahara wa 100,000 unaotozwa ushuru hukatwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, ya takriban 22,380 kila mwezi, baada ya kuondoa nafuu ya ushuru ya 2,400. Hiyo ni asilimia 22, na inaondoka kabla mwenyewe hajaishika. Ile ploti imempa faida ya milioni 4.7 tukiweka kando gharama za wakili, na ushuru wake ni asilimia 15, yaani 705,000. Angeuza mwaka 2014 asingelipa hata senti moja juu ya faida hiyo.

Hapo ndipo mjadala wa kuwapunguzia matajiri ushuru unapotupiga chenga hapa Kenya. Tunangoja waziri asome bajeti atangaze kiwango kimeshuka, kama Aprili 2020 wakati wa korona, PAYE ya juu kabisa ilipotoka asilimia 30 hadi 25. Punguzo lile lilijadiliwa waziwazi na likaondolewa Januari 2021. Punguzo kubwa zaidi lilikaa kimya karibu miaka 30. Ushuru wa faida ya kuuza mali ulianza mwaka 1975, ukasimamishwa Juni 1985, na haukurudi hadi Januari 2015, tena kwa asilimia 5 tu. Ushuru wa urithi nao ulikuwa umefutwa tangu 1982.

Fikiria kilichotokea katika kipindi hicho. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kati ya 2009 na 2012 kwa fedha za umma na mikopo ambayo wananchi wote wanailipa. Bei ya ardhi kuanzia Kahawa hadi Ruiru na Juja ikapanda. Mwenye ekari 50 hakuchimba mtaro wala kumwaga lami, lakini thamani ilimfuata alipolala. Alipouza, mnunuzi ndiye aliyelipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na muuzaji akaondoka na faida yake nzima. Mwalimu wangu alikatwa PAYE kila mwezi wa miaka hiyo yote.

Wanaopitisha Mswada wa Fedha kila Juni ni watu wa aina gani? Katika siasa zetu, mali ya kwanza kukusanywa ni ardhi. Sidai kwamba kila mheshimiwa alikaa akapanga njama. Nimewafanyia hesabu watu wenye mali nyingi, na najua binadamu huona haraka kodi inayomgusa na huchelewa sana kuona ile ambayo hajawahi kuilipa. Ibara ya 210 ya Katiba ya 2010 ilizuia sheria yoyote kumsamehe afisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake. Ilikuwa hatua kubwa, lakini inagusa mshahara na marupurupu. Mtu mwenye ploti arobaini hahitaji kusamehewa kwa cheo. Kiwango cha chini cha ushuru wa faida ya kuuza ardhi kinamtosha.

Wateja wangu wenye ardhi wana hoja moja ambayo naikubali. Aliyenunua mwaka 1990 akauza leo, sehemu ya faida yake ni mfumuko wa bei tu, na sheria haimruhusu kuutoa kwenye hesabu. Ni kweli, na inauma. Dawa yake ni kuruhusu bei ya ununuzi irekebishwe kwa mfumuko, kisha faida halisi itozwe kama kipato kingine. Anayepata mshahara wa milioni 1.5 kwa mwezi hulipa PAYE ya takriban milioni 5.8 kwa mwaka. Anayepata milioni 18 zilezile kama faida ya kuuza ardhi hulipa milioni 2.7. Mnyonge tayari ana kinga: ardhi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3 haitozwi, wala nyumba ambayo mwenyewe ameishi miaka mitatu kabla ya kuiuza.

Mwaka 2022 Bunge lilikubali kupandisha kiwango cha ushuru wa faida ya kuuza mali kutoka asilimia 5 hadi 15. Kwa hiyo linaweza likitaka. Mwaka uliofuata, ushuru wa thamani (VAT) wa mafuta ya petroli ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mzigo ukamfikia kila abiria wa matatu.

Tangu 2003 viongozi hujaza fomu za kutangaza mali zao, lakini fomu hizo haziwekwi wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kuzisoma. Kanuni za Bunge la Taifa pia zinamtaka mbunge atangaze maslahi yake kabla ya kuchangia jambo linalomhusu. Ningependa kumsikia mbunge akisimama siku ya Mswada wa Fedha, kabla hajasema lolote kuhusu ushuru wa ardhi, atutajie ana ekari ngapi na ziko wapi.

Mwalimu amelipa zile 705,000. Risiti aliibana pamoja na hati ya mshahara wa mwezi huo, akaziweka kwenye faili moja.