Viputo kwenye Kathodi Si Dalili ya Mafanikio

Siku za karibuni kitengo chetu cha elektrokemia kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida. Watafiti na wanafunzi wanauliza kwa nini maombi yao ya kuongeza haidrojeni kwenye kampaundi za kikaboni kwa njia ya umeme yamerudishwa, au kwa nini matokeo yao yamekataliwa ilhali haidrojeni ilionekana ikitoka kwa wingi. Hatuna shaka na nia njema ya waliotuandikia. Lakini karibu malalamiko yote yanatokana na kosa moja la kuelewa.

Haidrojeni unayoiona imekwisha kukupotea. Kwenye kathodi, yaani elektrodi inayotoa elektroni kwenye mmumunyo, protoni (kiini cha haidrojeni kisicho na elektroni) ikipokea elektroni huwa atomu ya haidrojeni iliyonata kwenye uso wa metali. Ikikuta jirani yake molekuli ya kikaboni iliyonata vilevile, huungana nayo, na hiyo ndiyo kazi tuliyoikusudia. Ikikuta atomu mwenzake, au protoni nyingine yenye elektroni yake, huondoka kama gesi. Kila molekuli ya gesi hiyo imebeba elektroni mbili ambazo zingeingia kwenye zao lako, yaani kampaundi unayotaka kutengeneza.

Kwa hiyo tunaomba tusiandikiwe tena kwamba mkondo wa umeme uliongezwa "ili kuharakisha". Molekuli za kikaboni hufika kwenye kathodi kwa kasi yenye kikomo. Ukivuka kikomo hicho, umeme wa ziada wote hutoka kama viputo. Koroga vizuri zaidi, ongeza mkolezo wa kampaundi, au punguza mkondo.

Kuandika "elektrodi ya metali" pia hakutoshi. Platini na paladi hushika atomu za haidrojeni usoni, na paladi huzimeza hata ndani yake: Thomas Graham alieleza mwaka 1866 kwamba hufyonza gesi hiyo mara mamia ya ujazo wake. Platini inaweza kugeuza fenoli kuwa saikloheksanoli. Risasi na zebaki hazishiki atomu hizo kwa nguvu; huko kampaundi hupokea elektroni moja kwa moja, kisha huchukua protoni kutoka kwenye mmumunyo. Zao linaweza kufanana, ila njia ni nyingine na ripoti lazima iseme hivyo. Shaba, ikipewa furfurali (kampaundi ya kikaboni), hutoa alkoholi ya furfurili au metilifurani kutegemea asidi ya mmumunyo na volteji. Fritz Haber alikwisha kuonyesha mwaka 1898, kwa nitrobenzini, kwamba volteji ya kathodi ndiyo inayoamua zao. Ombi lisilotaja volteji dhidi ya elektrodi rejea (elektrodi yenye volteji thabiti inayotumika kama kipimo) halijasema litatengeneza nini, na hatuwezi kuliidhinisha.

Jambo jingine hutusumbua sana. Anodi, yaani elektrodi ya upande wa pili, ikiwa ya platini huyeyuka kidogo kidogo, hasa kwenye asidi, kisha platini hiyo husafiri na kujipaka kwenye kathodi. Mtafiti husifu shaba kwa kazi iliyofanywa na platini. Tumia grafiti, au weka utando kati ya vyumba viwili vya seli (chombo cha jaribio), cha anodi na cha kathodi.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuwasha, jaza hesabu ya gesi kwenye fomu. Mkondo wa ampea 1 kwa saa 1 ni kulombu 3,600. Gawanya kwa 96,485, yaani kulombu za moli moja ya elektroni, upate moli 0.037 za elektroni. Zikigeuka gesi zote, utapata takriban lita 0.46 za haidrojeni kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Wapo wanaoacha sehemu hii wazi kwa sababu hawatumii mtungi wa gesi. Seli yako ndiyo mtungi. Kazi ifanyike ndani ya kabati la kufyonza gesi, na kloridi isitumike kwenye chumba cha anodi, kwani hutoa klorini.

Mwishoni, pima zao, zidisha moli zake kwa idadi ya elektroni (6 kwa nitrobenzini kuwa anilini, 2 kwa furfurali kuwa alkoholi ya furfurili), kisha gawanya kwa moli zote za elektroni zilizopita. Huo ndio ufanisi wa Faraday, yaani sehemu ya elektroni iliyoingia kwenye zao. Ripoti isiyo nao hurudishwa bila kusomwa.

Anayewasha seli bila idhini husimamishiwa jaribio siku hiyohiyo. Akirudia, kibali chake cha kuingia maabara huzuiwa hadi amalize mafunzo ya usalama upya na kusainiwa na msimamizi wake. Mara ya tatu, suala hupelekwa kwenye kamati ya usalama, na sisi hatuna uwezo wa kulirudisha.

Waliorudishiwa maombi kwa kukosa volteji au aina ya anodi waongeze taarifa hizo kwenye fomu ileile. Wenye kloridi na seli isiyo na utando waanze ombi jipya.