Kitone cha mafuta kinachobeba jeni: maswali ya wazazi wa watoto wenye selimundu (siko seli)

Kila nikizungumza na wazazi hapa Kampala kuhusu tiba ya jeni, yaani kurekebisha maagizo ya kurithi ndani ya seli, na kuhusu vitone vya mafuta vinavyoweza kuibeba, maswali huwa mengi. Haya ndiyo yanayojirudia.

Musawo (daktari), mafuta hayo ni kama ya kupikia?

Ni ndugu zake, mama. Tunayaita lipidi. Kolesteroli ni lipidi, na hata utando unaozunguka kila seli mwilini umejengwa kwa lipidi. Ujumbe wa jeni, kwa mfano mRNA (nakala ya muda ya maagizo ya jeni), hauwezi kupenya utando huo wenyewe, na ukidungwa mtupu vimeng'enya vya mwili huukatakata. Ndiyo maana hufungwa ndani ya kitone cha lipidi chenye upana wa nanomita 100 hivi. Ukipanga vitone elfu kumi mstari mmoja, unapata milimita moja.

Kitone kinajuaje mahali pa kufungua mzigo?

Hapa ndipo watafiti walipotokwa jasho. Jani la mgomba linalofungia luwombo, mchuzi wetu wa kupikwa kwa mvuke, huvumilia mvuke saa nzima bila kumwaga mchuzi, kisha hufunguliwa mezani. Lipidi nayo sharti ifunge vizuri njiani na ifungue ikifika.

Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake huko Marekani walitumia lipidi yenye chaji chanya ya umeme wakati wote. Ilishika jeni na kuziingiza kwenye seli za maabara. Lakini ndani ya mwili chaji hiyo hiyo hunasa protini za damu na kudhuru seli. Suluhisho likawa lipidi inayobadilika. Kwenye damu, ambayo haina asidi (kipimo chake, pH, ni 7.4), karibu haina chaji. Seli ikikimeza kitone, hukitia kwenye kifuko ambacho ndani yake asidi huzidi taratibu, kama maziwa yanayochacha. Asidi hiyo huipa lipidi chaji chanya, nayo hujishikiza kwenye kuta za kifuko zenye chaji hasi, kuta huvurugika, na ujumbe humwagika ndani ya seli.

Molekuli ya lipidi ina kichwa, kinachopata chaji, na mikia ya mafuta; mbunifu wake hucheza na vyote viwili. Kichwa kikibadilika kidogo tu, chaji huja mapema mno au huchelewa. Mikia huwekewa viungo vinavyokatika kwa urahisi, mwili uisage baada ya kazi. Pamoja na ustadi wote huo, sehemu kubwa ya mzigo bado husagwa ndani ya kifuko kabla ya kutoka.

Imeshatumika kwa watu?

Ndiyo. Onpattro, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, iliidhinishwa mwaka 2018. Zikafuata chanjo za Korona za Pfizer na Moderna, ambazo zilichanjwa Uganda pia.

Chanjo hizo zilibadili jeni zangu?

Hapana. mRNA haiingii kwenye kiini cha seli, na huvunjwa baada ya muda mfupi.

Basi mbona mtoto wangu mwenye siko seli hajapona kwa njia hiyo?

Swali hili huniuma. Kitone kikiingia kwenye damu huvikwa protini iitwayo apolipoprotini E, na ini lina milango ya kuipokea, kwa hiyo sehemu kubwa huishia huko. Lakini siko seli ni ugonjwa wa seli nyekundu za damu, nazo hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Casgevy, tiba ya jeni ya siko seli iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hulazimika kutoa seli mwilini na kuzirekebisha maabara, na mgonjwa hupewa kemotherapia kali kabla ya kurudishiwa. Lipidi inayofika kwenye uboho ingefupisha safari yote hiyo kuwa sindano. Watafiti wanaijaribu kwa wanyama.

Kwa sasa nifanye nini?

Mpe penisilini na asidi ya foliki kama alivyoandikiwa, na umuulize daktari kuhusu haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi. Akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na anayekuuzia "dawa ya jeni" sokoni anakuibia, mama.