Mfuko wa ruzuku humfikia nani kijijini?

Kila ruzuku ya mbolea inapotangazwa, watu hujadili mabilioni yaliyotengwa. Mimi ni mchumi wa kilimo, na naona swali zito zaidi liko katika ofisi ya kijiji, ambako jina la mkulima huandikwa au huachwa.

Tuchukue mfumo wa vocha za pembejeo wa Tanzania, ulioanza mwaka 2008 baada ya bei ya mbolea kupanda duniani, ukaendelea hadi msimu wa 2013/14. Kaya iliyoteuliwa ilipewa vocha za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu bora. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei, na nusu iliyobaki mkulima aliitoa mwenyewe kwa wakala wa pembejeo. Walengwa walikuwa wakazi wa kijiji wanaolima mazao hayo kwenye eneo lisilozidi hekta 1, huku kipaumbele kikiwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wasiokuwa na mazoea ya kutumia mbolea. Uteuzi uliachiwa kamati ya vocha ya kijiji, iliyokuwa na wajumbe sita, nusu yao wanawake.

Kanuni hizo zilikuwa nzuri. Hata hivyo, utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kaya zenye viongozi wa kuchaguliwa wa kijiji zilipata asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile ambavyo pengo kati ya wenye mali na wasio nacho ni kubwa. Takwimu hiyo hunisikitisha kila ninapoirejea, kwa sababu waliokosa ndio hasa walioandikiwa mpango.

Upendeleo ulikuwepo, lakini haukuwa sababu pekee. Sharti la kuchangia nusu ya bei lilimtaka mkulima maskini awe na fedha taslimu mwanzoni mwa msimu wa kupanda, wakati ambapo ghala lake linaelekea kuwa tupu na ada za shule ziko karibu. Mjumbe wa kamati anayeogopa vocha zisirudi bila kutumika huona ni salama kumwandika mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye uwezo huo mara nyingi ni jirani yake, ndugu yake au yeye mwenyewe. Wapo pia waliopata vocha wakakosa nusu ya bei ya kuchangia, wakaisaini kwa wakala na kupokea fedha kidogo. Kwenye hesabu za wilaya wakahesabiwa kuwa wamenufaika, ilhali shambani haukufika hata mfuko mmoja.

Mfumo wa ruzuku uliozinduliwa mwaka 2022 uliondoa uteuzi wa kamati. Mkulima hujiandikisha kwenye daftari la kijiji akitaja mazao na ukubwa wa shamba, hupata namba yake, kisha hununua kwa bei iliyopunguzwa, ambayo kwa DAP (mbolea ya kupandia) na urea (mbolea ya kukuzia) msimu wa kwanza ilikuwa shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Naunga mkono hatua hiyo, kwani mlango ni mpana zaidi. Lakini fedha ya ruzuku hufuata mfuko, na mifuko hufuata ekari: anayelima ekari 20 hupokea fedha ya umma mara nyingi zaidi ya mjane wa ekari moja, hata kama wote wawili wamefuata utaratibu. Aidha, asiyeweza kulipa bei ya mfuko kwa mara moja, au anayeishi mbali na wakala kiasi kwamba nauli inakula punguzo lenyewe, hubaki na namba tu.

Kwa hiyo idadi ya walioandikishwa haitoshi kupima mafanikio wilayani. Ninachopendekeza ni kila halmashauri ieleze, kwa kila kijiji, wangapi walinunua, kwa ekari ngapi, na wangapi kati yao ni wanawake. Taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa majirani hujua vizuri nani analima ekari ngapi na nani ameandika shamba ambalo halipo.