Sounion kwa nusu siku, na kwa nini ukae upande wa kulia wa gari

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea Athene kutoka Tanga, gari lilipofika mlangoni alifungua mlango wa dereva akataka kuketi. Huku usukani uko kushoto. Dereva akacheka, shangazi akacheka zaidi yake, nami nikamshika mkono nikampeleka kiti cha nyuma, upande wa kulia. Alidhani namheshimu. Kweli namheshimu, lakini upande wa kulia una sababu yake.

Kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya mawe. Nilianzia Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye matumbawe na chokaa. Sasa niko Athene, nashika patasi juu ya marumaru. Basi kila ndugu akija, akishapanda Akropoli, kilima cha mahekalu kilicho katikati ya mji, siku ya kwanza, siku ya pili huuliza: sasa twende wapi? Namwambia twende Sounion, kwenye hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wayunani wa kale. Ni kilomita 70 hivi kutoka mjini, kwenye ncha ya kusini ya Attika, mkoa unaouzunguka mji wa Athene. Nusu siku inatosha, mradi ukodi gari na dereva wake, liwe lako peke yako.

Basi la KTEL lipo, nauli yake ni nafuu, na linafika kwa muda wa saa mbili hivi. Nimelipanda mara nyingi na sina neno nalo. Tatizo ni kwamba basi halisimami unapotaka, na hekalu hili lazima uanze kulitazama kutoka mbali, kabla hujafika getini. Halikujengwa kwa ajili ya mtu anayetokea kwenye maegesho na tiketi mkononi. Lilijengwa kwa ajili ya mtu aliye chomboni. Baharia aliyetoka visiwani, kutoka Kea au Kythnos au mbali zaidi, rasi hii ndiyo iliyomwambia kwamba Attika imefika. Akishaizunguka, ameingia ghuba inayompeleka bandari ya Piraeus. Karne nyingi baadaye, wakati jina la Poseidon halimtishi mtu tena, Wavenisi wa Italia waliiita Capo Colonne, rasi ya nguzo. Hekalu lilikuwa gofu, lakini kazi yake ya kuongoza vyombo ilikuwa ile ile.

Sasa upande wa kulia. Magari hapa hupita kulia, na ukishuka kusini kwa barabara ya pwani, bahari inakuwa upande huo huo, karibu na kioo chako. Unaanzia barabara ya Poseidonos, unapita Glyfada na Voula, halafu Vouliagmeni, penye ziwa la maji ya chumvichumvi ambalo halipoi hata majira ya baridi. Wazee huoga humo mwezi wa Januari. Baada ya Varkiza majengo yanapungua na barabara inaanza kupinda na kila ghuba. Lagonissi, Saronida, Anavyssos. Sitakuelezea kila ufukwe, ni mingi na inafanana. Ila ukishapita Legrena, mwambie dereva apunguze mwendo. Kuna mahali kilima kinajitokeza mbele, na juu yake vijiti vyeupe vimesimama kama meno ya kitana. Hapo ndipo pa kusimamisha gari.

Shangazi alishuka, akaweka kiganja juu ya macho. Akatazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "hawa walikuwa na mawazo kama ya watu wa Tongoni." Tongoni ni magofu yaliyo kusini kidogo mwa mji wa Tanga, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, karibu kabisa na maji. Sisemi kwamba kuna undugu kati ya mahali hapa pawili. Dini ni mbali, na zaidi ya miaka elfu moja na mia nane imepita katikati. Lakini mtu aliyekua akitazama nguzo za Tongoni hahitaji kuambiwa kwa nini jengo la mawe hukaa mahali linapoonekana kutoka majini.

Kuhusu muda, watu wa kwetu hapa ndipo wanapokosea. Sisi jua letu ni la saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, dakika chache huku au kule. Hapa, mwishoni mwa Juni, jua linazama karibu saa tatu usiku kasoro dakika kumi. Desemba linazama saa kumi na moja na dakika chache tu jioni. Geti linafuata jua, na tiketi huacha kuuzwa kabla halijazama. Angalia saa ya machweo ya siku yako, kisha uondoke Athene ukiwa na muda wa saa nne mbele yako. Sisi tuliondoka saa kumi na moja. Ilipofika saa moja kasoro robo tulikuwa chini ya kilima na jua bado linachoma.

Na umwambie dereva mapema kwamba hutaki kupelekwa kula njiani. Safari moja ya nyuma, nilipokuwa na wageni wengine, dereva alituingiza kwenye mgahawa wa samaki wa rafiki yake bila kuulizwa. Tukatoka hapo jua limeshakuwa jekundu, tukafika getini tunakimbia. Samaki mwenyewe alikuwa wa barafu. Jambo jingine ni kwamba, kwa sheria ya Ugiriki, kueleza historia ndani ya eneo la magofu ni kazi ya waongozaji wenye leseni. Dereva, hata awe anajua kila jiwe, hubaki nje. Ukitaka maelezo ndani, mtafute mwongozaji kabla ya safari.

Usipande kilimani mara moja. Shuka kwanza kwenye ghuba iliyo chini yake. Ukingoni, upande wa kaskazini magharibi, utaona mwamba umechongwa mashimo marefu yanayoteremkia majini. Hayo ni mabanda ya merikebu za kivita, za kuvutwa nchi kavu kama ngalawa, ila kwa mteremko wa jiwe badala ya mchanga. Watu wengi hupita juu yao wakienda kuogelea. Athene waliijengea rasi hii ngome wakati wa vita vyao na Sparta, ili merikebu za nafaka zipite salama. Ukisimama hapo na kuinua macho, hekalu liko mita 60 juu yako, nawe uko mahali pa baharia.

Ukifika juu, utakuta kamba. Huruhusiwi kuingia kati ya nguzo, na mimi kama fundi naunga mkono.

Hekalu unaloliona lilijengwa takriban mwaka 444 hadi 440 KK. Chini yake kulikuwa na jingine la zamani, la mawe ya chokaa, lililokuwa bado halijakamilika Waajemi walipoishambulia Attika mwaka 480 KK wakaliharibu. Sanamu zilizovunjika zilifukiwa shimoni. Moja ilifukuliwa mwaka 1906, kijana wa marumaru mwenye urefu wa mita tatu na zaidi, aliyechongwa karibu mwaka 600 KK; siku hizi yuko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athene, na ukiweza mwone kabla ya kuja huku. Baada ya kuwashinda Waajemi majini huko Salamis, Wayunani waliteka merikebu ya Wafoinike, waliopigana upande wa Waajemi, wakaileta hapa na kuiweka wakfu. Fikiria merikebu nzima juu ya rasi, nchi kavu, ikimtazama kila apitaye.

Sogea sasa karibu na nguzo ya pembeni kadiri kamba inavyoruhusu. Hesabu mifuo, ile mistari iliyochongwa kutoka juu hadi chini. Nguzo za mtindo huu wa Doriki kwa kawaida huwa na mifuo 20, na ndivyo zilivyo za Parthenon, lile hekalu kubwa la Akropoli. Hizi zina 16. Shangazi alihesabu kwa kidole hewani, akarudia, akapata 8 upande unaoonekana. Tukazidisha kwa mbili. Ukipunguza idadi ya mifuo, kila mmoja unakuwa mpana, na kona kati ya mfuo na mfuo inakuwa butu zaidi. Wengi husema mjenzi alifanya hivyo kwa kuhofia upepo wa chumvi, nami nawaamini, kwa sababu naona jinsi jiwe la pwani linavyokufa. Rasharasha la bahari linaingia kwenye vitundu vidogo vya jiwe. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inaganda kuwa punje, punje zinavimba na kusukuma. Kinachotoka kwanza ni kona kali.

Unguja adui ni huyo huyo, ila sisi tuna dawa nyingine: lipu ya chokaa. Chumvi inakula lipu, tumbawe la ndani linapona, na baada ya miaka fundi anarudi kupaka tena. Hapa hapana lipu. Marumaru imesimama uchi miaka zaidi ya 2,400.

Na tazama rangi yake. Marumaru ya Parthenon ilitoka mlima Penteli, ina chembe za chuma, na chuma kikipigwa na hewa kinaipa rangi ya asali. Hii ya Sounion ilichimbwa Agrileza, kilomita chache tu kutoka hapa, na haina chuma, kwa hiyo imebaki nyeupe. Ndiyo maana inaonekana kutoka mbali namna ile. Nguzo zenyewe ni nyembamba kwa zama zake: kimo mita 6.10, unene mita 1 chini na sentimita 79 juu. Kutoka karibu unaziona ndogo, hata wengine husikitika. Kutoka ghubani ulikotoka zilionekana ndefu ajabu.

Kwenye jiwe moja kuna jina Byron limechongwa, la mshairi Mwingereza aliyezunguka Ugiriki mwanzoni mwa karne ya 19, na inasemekana ni mkono wake mwenyewe. Majina mengine yamelizunguka tele. Nilipomweleza shangazi, alisonya. "Kumbe na mabwana wakubwa huandika ukutani." Mimi jina hilo silitafuti tena. Wageni wakilitafuta hutumia dakika kumi nzima wameipa bahari mgongo.

Majira ya kiangazi, Julai na Agosti hasa, kuna upepo wa kaskazini wanaouita meltemi. Mtu wa pwani akisikia upepo wa kaskazini anawaza kaskazi na majahazi ya Desemba. Huu wao unakuja wakati kwetu kuna kusi, hauna mvua, na juu ya rasi unaweza kukuyumbisha. Kofia haikai. Mtandio wa shangazi tulifunga kwa pini mbili.

Aliuliza kibla. Nikatoa simu, tukatafuta: kusini mashariki, yaani kuelekea baharini, upande wa Kythnos. Alikuwa bado hajaswali alasiri. Tulitoka nje ya geti, akatandika kanga nyuma ya gari ambapo upepo ulikuwa umepungua, dereva akaisogeza koti yake kuongeza kivuli bila kuambiwa. Alipomaliza tukaingia tena; tiketi ilikuwa mkononi na mlinzi alikuwa ametuona tokea mwanzo, akatupungia mkono tupite.

Tulikaa upande wa mashariki, ambako hakuna watu maana wote wamekwenda kusubiri machweo magharibi. Kutoka hapo unaona kilima kidogo chenye misingi ya hekalu la Athena. Nguzo zake zilihamishiwa Agora, uwanja wa soko wa Athene ya kale, enzi za Warumi. Upande huo pia, nyuma ya vilima, ndiko Lavrio iliko, penye machimbo ya kale ya fedha. Hapo sauti yangu hubadilika kila ninapoeleza. Mwaka 483 KK kiongozi wao Themistokles aliwashawishi watu wa Athene wasigawane fedha ya Lavrio bali wajenge merikebu 200, na merikebu hizo ndizo zilizopigana Salamis miaka mitatu baadaye. Waliochimba fedha hiyo walikuwa watumwa, kwa maelfu, ndani ya mashimo ambayo mtu hutambaa. Karne kadhaa baadaye watumwa wa machimbo hayo waliasi, wakawaua walinzi wa machimbo, wakaiteka ngome ya Sounion, hii hii tuliyoketi, wakaishikilia muda mrefu.

"Walishindwa?" shangazi akauliza.

"Mwishowe, ndiyo."

Hakusema kitu. Akageuka akatazama upande wa Lavrio, kisha akaanza kuhesabu nguzo.

Alipata 15. Mimi nikamwambia ni 16. Akasema macho yake hayajaharibika. Tukazunguka, akahesabu tena kutoka pembe ya kusini, nikamwonyesha ile moja ya ukumbi wa mbele iliyojificha nyuma ya wenzake. Chache kati ya hizo zilisimamishwa upya katika karne ya 20. Zamani, pamoja na za ndani, zilikuwa 38. Filimbi ya mlinzi ikalia. Jua lilikuwa limebaki ukucha. Shangazi akatembea kinyumenyume kuelekea getini, kidole juu, midomo inacheza, na alipofika kwenye ngazi akasimama.

"Bado naona 15," akasema.